Kitabu cha Nukta Nundu Huanzia kwenye Faili

Ukiuliza kwa nini mwanafunzi asiyeona hupata kitabu chake akiwa amechelewa kuliko wenzake, utaambiwa mambo matatu: mashine ni chache, karatasi ni ghali, na walimu wa elimu maalumu hawatoshi. Yote matatu ni kweli. Lakini historia ya maandishi ya nukta nundu inaonyesha jambo la nne ambalo halitajwi sana, nalo ni hali ya maandishi yenyewe kabla hayajaifikia mashine yoyote. Kwa lugha ya leo, faili. Hoja yangu ni kwamba kikwazo cha usomaji wa wasioona kimekuwa kikihama. Kwanza kilikuwa kwenye vidole vya mnakili, kikahamia kwenye mashine, na sasa kimekaa kwenye faili. Kikwazo kikihama, wajibu wa kukiondoa nao huhama. Umetoka kwenye chumba cha elimu maalumu na kumfuata kila anayeandaa maandishi ya umma, kuanzia Taasisi ya Elimu Tanzania pale Mikocheni hadi steshenari ya Wazo au ya Mbagala, Dar es Salaam, inayotaipu mitihani ya shule za jirani.

Tuanze na enzi ya vidole. Mfumo alioubuni Louis Braille nchini Ufaransa na kuuchapisha mara ya kwanza mwaka 1829 una nukta sita katika kila seli, na nukta hizo zikipangwa kwa kila namna hutoa maumbo 64 tu, pamoja na lile tupu. Katika Afrika Mashariki shule za kwanza zilikuwa za makanisa. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946. Waanglikana walifungua ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, nao Walutheri wakafungua ya Irente, Lushoto, mwaka 1963. Dar es Salaam ikawa na Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wanaoona na wasioona husoma chini ya paa moja. Kiswahili kiliikuta kazi hii kikiwa tayari: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia kwa herufi za Kilatini, hivyo herufi hizo zikapata nukta zake bila mzozo mkubwa. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951 na yenye kitufe kimoja kwa kila nukta, ikawa chombo kikuu cha darasani.

Katika enzi hiyo, kila ukurasa ulipita kwenye akili ya mtu kabla ya kuwa nukta. Mnakili alipofika kwenye kichwa cha habari alikitambua hapo hapo, akaruka mstari, akakiweka katikati. Alipokuta swali lenye nafasi ya kujaza aliweka alama fupi ya nafasi na kuendelea. Alipokuta picha aliamua kama aieleze kwa maneno au aiache. Hakuna aliyeihesabu kazi hiyo ya kutambua kuwa kazi, kwa sababu ilifanyika kimya kichwani mwa mtu aliyejua kusoma. Kilichoonekana ni ule uchovu wa vidole na ukweli kwamba Perkins hutoa nakala moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo suluhisho lililotafutwa likawa la kasi na wingi wa nakala. Kazi ya kutambua umbo la maandishi ikasahaulika, na usahaulifu huo ndio chanzo cha tatizo ninalolizungumzia.

Kasi ililetwa na kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, American Printing House for the Blind ya Louisville, Kentucky, ikishirikiana na IBM, ilianza kutumia kompyuta kubwa kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu. Maandishi yaliingizwa kwa kadi za kutobolewa, na waliotoboa kadi hizo hawakuhitaji kujua nukta nundu. Walichopaswa kujua ni alama za kuiambia mashine kwamba hapa inaanza aya mpya, hapa kuna kichwa. Ikaja programu ya DOTSYS III iliyoandikwa katika shirika la MITRE, na mwaka 1975 Robert Gildea na Joseph Sullivan wakaanzisha kampuni ya Duxbury Systems huko Massachusetts, ambayo programu yake hadi leo hutumika duniani kote, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Katika kizazi hicho cha kwanza umbo la maandishi liliandikwa waziwazi. Kama mtaipaji hakuweka alama ya aya, aya haikuwapo, na kosa lake lilionekana siku hiyo hiyo.

Tanzania haikukipitia kizazi hicho. Mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya Duxbury kuanzishwa, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zuio hilo lililegezwa hatua kwa hatua baadaye, lakini kompyuta zilipoenea maofisini zilikuta dunia imebadilika: mtumiaji haandiki tena alama za umbo, anachora sura. Anafanya herufi kuwa nene, anazikuza, anasogeza maneno kwa kubonyeza nafasi mara kumi. Simaanishi kwamba marufuku ile iliwalenga wasioona, wala kwamba ndiyo pekee iliyotuchelewesha. Ninachosema ni kwamba tulijifunza kompyuta katika hatua ambayo tayari ilikuwa inalificha lile ambalo programu ya nukta nundu inalihitaji kuliko kitu kingine, na hadi leo tunafundishana hivyo hivyo: mwonekano kwanza.

Hapa fomati za faili zinaingia kwenye historia. Kwa miaka mingi Microsoft Word ilihifadhi hati katika fomati ya doc, ambayo maelezo yake kamili ya kiufundi hayakuwa wazi kwa kila mtu hadi mwaka 2008. Kabla ya hapo, waliotengeneza programu za nukta nundu walilazimika kukisia sehemu ya yaliyomo ndani. Toleo la Word la mwaka 2007 lilileta docx, ambayo kwa ndani ni furushi la mafaili madogo ya maandishi yaliyobanwa pamoja. Mtu akiifungua kama furushi atakuta faili lenye matini yote, na kila aya ina mahali pa kutajiwa mtindo wake: kichwa cha kwanza, kichwa cha pili, orodha, aya ya kawaida. Programu ya nukta nundu husoma hapo. Ikiona mtindo wa kichwa, inajua kuacha mstari na kukiweka katikati, na inaweza kutengeneza yaliyomo yenyewe. Isipouona, kichwa kilichokuzwa kwa herufi nene kinabaki aya kama aya nyingine, na unene wake unageuka kuwa alama za mkazo zinazomchosha msomaji bila kumwambia kwamba sura mpya imeanza. PDF, iliyotoka mwaka 1993, ilibuniwa kwa kusudi jingine kabisa: ukurasa uonekane sawa kila mahali. Isipowekewa lebo za umbo, kilichomo ni herufi na mahali zilipo kwenye karatasi, na kama ukurasa uliskaniwa, hata herufi hazimo; kilichobaki ni picha ya ukurasa.

Tulitazame jambo hili kwa karibu kupitia mtihani wa majaribio, yaani mock. Wazo, ambayo wengi waliijua kwanza kwa kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, leo ni kata ya makazi na shule, na kama ilivyo Tegeta, Temeke au Mbagala, steshenari ndiyo kiwanda chake cha maandishi. Mwalimu analeta maswali kwa mkono au kwenye flashi, mtaipaji anayachapa, mashine ya fotokopi inafanya kazi. Swali la kujaza nafasi linaandikwa kwa kubonyeza kitufe cha nukta mara arobaini. Kwa anayeona, huo ni mstari mwembamba wa kuandikia jibu. Programu ya nukta nundu inaona nukta kamili arobaini, na kwa kuwa mstari wa kawaida wa karatasi ya nukta nundu una seli 40, mtoto asiyeona anapitisha kidole kwenye mstari mzima wa alama za mwisho wa sentensi akitafuta neno. Majibu ya kuchagua, A hadi D, yamepangwa katika safu mbili kwa kubonyeza nafasi. Baada ya kugeuzwa, safu zinavurugika na C inajikuta karibu na A. Kichwa cha shule kimewekwa ndani ya kisanduku cha maandishi, na kisanduku hicho kinaweza kudondoka au kuibukia mahali kisipotakiwa. Hesabu ya sehemu imebandikwa kama picha, hivyo haipo kabisa. Hakuna hata kosa moja kati ya haya linaloonekana kwenye karatasi ya wanaoona. Mtihani ni safi kwa watoto arobaini na umeharibika kwa mmoja.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Kwenye neno ng'ombe, Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kuombwa. Faili hilo likihifadhiwa kama matini tupu kwa mfumo mmoja wa herufi kisha likafunguliwa kwa mfumo mwingine, linatokea ngâ€™ombe, na takataka hiyo huingia kwenye nukta kama ilivyo. Mtego mkubwa zaidi ni lugha. Nukta nundu za Kiingereza za gredi ya pili zina vifupisho: mfuatano wa herufi a, n na d unawakilishwa na seli moja yenye nukta 1, 2, 3, 4 na 6, mfuatano wa e na r una seli yake, na a na r vilevile. Faili la Kiswahili likifunguliwa kwa kiolezo cha Kiingereza, neno andika linabaki seli nne badala ya sita, ya kwanza ikiwa kifupisho cha Kiingereza, na serikali na karibu yanabanwa kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa kusoma Kiswahili herufi kwa herufi anakutana na alama ambazo hajawahi kuziona, kisha anaambiwa hajui kusoma. Katika liblouis, maktaba huria ya kugeuza maandishi iliyoanzishwa mwaka 2002 na John Boyer, mtu asiyeona na asiyesikia, majedwali ya Kiswahili yaliyomo yamewekwa chini ya jina la Kenya. Ni mchango wa kushukuriwa, na pia ni ukumbusho kwamba kanuni hizi huandikwa na wanaojitokeza kuziandika.

Kama tatizo lingekuwa la steshenari pekee, semina chache zingetosha. Lakini historia ya vitabu vya kiada inaonyesha lilivyoingia kwenye mfumo mzima. Sera ya mwaka 1991 ilifungulia uchapishaji wa vitabu vya shule kwa kampuni binafsi. Somo moja likawa na vitabu kadhaa, kila kimoja kikipangwa kwa programu ya mchapishaji wake, na kiwandani likapelekwa faili la mwisho la kuchapia, lisilo na kumbukumbu ya kipi ni kichwa na kipi ni maelezo ya picha. Aliyetaka kitabu hicho kwa nukta nundu aliishia na nakala ya karatasi, na mtu wa kuitaipu upya. Baada ya mjadala wa Bunge wa mwaka 2013 kuhusu ubora wa vitabu, serikali ilirejea kwenye utaratibu wa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikawa mwandaaji. Utaratibu huo una wakosoaji wake, na wana hoja. Kwa wasioona, hata hivyo, umeleta nafasi ambayo haikuwapo kabla: mlango mmoja ambao kila kitabu cha shule hupitia. Kama mlangoni hapo kila kitabu kingetoka na faili lake la umbo, lenye mitindo kamili na maelezo ya picha, kazi ingefanywa mara moja kwa nchi nzima. Kinachomfikia msomaji kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ni PDF, ambayo ni bora kwa simu ya mzazi, lakini kwa programu ya nukta nundu ni hatua ya kurudi nyuma.

Pingamizi la kwanza ni lile la mashine na karatasi: kuna maana gani kusafisha mafaili ilhali printa za nukta nundu ni chache na karatasi nzito haipatikani? Jibu ni kwamba faili baya ndilo linalokula mashine na karatasi hizo. Ukurasa wa nukta nundu wenye mistari 25 ya seli 40 hubeba seli 1,000, hivyo ukurasa mmoja wa A4 uliojaa maandishi hudai kurasa mbili hadi tatu za nukta nundu. Kitabu cha kurasa 150 kinakuwa majuzuu kadhaa. Likipita kosa la mpangilio, zinazotupwa ni mamia ya karatasi ghali, na printa inafanya kazi mara mbili. Fundi anayetumia wiki nzima kusafisha faili moja ni fundi ambaye wiki hiyo hakuchapa kitu. Anayelilia uhaba wa vifaa ana sababu ya kwanza kabisa ya kudai faili zuri, maana ndiyo njia rahisi ya kuongeza uwezo wa mashine zilizopo bila kununua nyingine.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda teknolojia: simu sasa zinasoma kwa sauti, kwa nini tung'ang'anie nukta? Sauti ni msaada mkubwa, na hakuna asiyeona anayepaswa kunyimwa. Lakini anayesikiliza tu hajifunzi tahajia, haoni mpangilio wa barua, hawezi kurudi juu ya mlinganyo wa hisabati hatua kwa hatua kwa kasi yake mwenyewe. Kusoma na kuandika ni haki ile ile tunayompa mtoto anayeona, ambaye naye ana redio na bado tunampa kitabu. Isitoshe, pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu. Programu za kusoma kwa sauti hutegemea umbo lile lile la faili: bila mitindo ya vichwa, msikilizaji hawezi kuruka kutoka sura hadi sura, na PDF ya kuskani ni bubu kwake kama ilivyo kwa printa ya nukta.

Wa tatu watasema mashine zitajirekebisha zenyewe, kwa kuwa programu za kutambua herufi kwenye picha, pamoja na akili bandia, zinazidi kuwa hodari. Ni kweli zinasaidia, hasa kwa vitabu vya zamani ambavyo mafaili yake yamepotea. Ila programu hizo hukisia, na kukisia hukosea pasipo onyo: sifuri inakuwa herufi o, kipeo kinakuwa namba ya kawaida, jibu B linahamia swali jingine. Kwenye riwaya msomaji atajisahihishia. Kwenye mtihani wa taifa, kosa hilo ni alama za mtoto. Kumwachia msomaji asiyeona mzigo wa makisio ilhali mwandishi alijua jibu la hakika siku aliyoandika ni kumpa yeye kazi ambayo mwingine angeimaliza kwa sekunde chache.

Linabaki pingamizi la wachapishaji, nalo ni la haki: faili safi lililo wazi ni rahisi kuibiwa. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matupu. Inajibiwa na sheria. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza na kubadilishana nakala za wasioona bila kuomba kibali cha kila kitabu, na nakala hizo ni za walengwa tu. Maana yake faili halihitaji kumwagwa mitandaoni. Linahitaji kukabidhiwa kwa taasisi inayojulikana na inayowajibika. Marekani iliamua jambo la namna hiyo mwaka 2004, ilipoweka fomati moja ya taifa ya mafaili ya vitabu vya shule na kituo cha kuyapokea, kwa sababu kila jimbo lilikuwa likidai fomati yake na wachapishaji wenyewe walichoka. Sisi hatuna majimbo hamsini ya kupatanisha. Tanzania Bara ina taasisi moja ya vitabu na baraza moja la mitihani, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotambua haki ya elimu.

Kwa hiyo yanayodaiwa na historia hii ni mambo machache yanayotekelezeka. Mkataba wa kila kitabu cha kiada utamke kwamba kazi haijakamilika hadi faili lenye mitindo, lugha iliyotajwa na picha zilizoelezwa limekabidhiwa pamoja na lile la kuchapia. Faili hilo lihifadhiwe katika fomati iliyo wazi, ili atakayelihitaji baada ya miaka ishirini aweze kulifungua. Mafunzo ya kompyuta vyuoni na kwenye vituo vya mitaani yafundishe mitindo kabla ya herufi nene. Halmashauri zinazotunga mitihani ya pamoja, Kinondoni na Temeke zikiwemo, zitoe kiolezo kimoja ambacho kila steshenari itakitumia, chenye alama fupi ya nafasi ya kujaza na orodha halisi ya majibu. Hakuna lolote kati ya haya linalosubiri mfadhili. Mnakili wa Perkins alilifahamu umbo la maandishi kwa kuwa alilisoma kabla ya kulinakili. Leo anayelifahamu ni yule anayeliandika mara ya kwanza, na asipolihifadhi kwenye faili, hakuna mashine itakayolirudisha kwa uhakika.